Ukijua kibaba, haba iliyopotea haifichiki

MIAKA kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja wa uzamili alibisha mlango wa ofisi yangu akiwa amekunja uso. Alama zake za somo moja hazikuonekana kwenye orodha, na siku ya mahafali ilikuwa inakaribia. Msomaji aliyepitia chuo kikuu humu nchini hahitaji kuelezwa uchungu huo. Karatasi haionekani, mhadhiri amehama, karani hana habari, na mwanafunzi ndiye anayepandishwa na kushushwa ngazi kama mshtakiwa.

"Prof, darasa letu lilikuwa la watu watano tu," akaniambia. "Wenzangu wanne walipata 55, 70, 48 na 66. Na mwalimu alitutangazia kuwa wastani wa darasa ni 62. Sasa si hiyo yangu tunaweza kuitafuta?"

Tunaweza, na hatuhitaji hata kikokotoo. Wastani ni jumla iliyogawanywa kwa idadi. Kwa hivyo wastani ukizidishwa kwa idadi hutupa jumla: 62 mara 5 ni 310. Wale wanne wakijumlishwa wanapata 239. Toa 239 kwenye 310, zinabaki 71. Basi alama ya mwanafunzi huyu ni 71. Hapo ndipo wazee wetu walipotangulia kusema kuwa haba na haba hujaza kibaba. Methali hiyo hutumika kuhimiza subira na akiba, lakini ndani yake mna hesabu pia: ukijua kibaba kimejaa kiasi gani, na ukazijua haba zote isipokuwa moja, hiyo moja haina pa kujificha.

Nilipoipeleka hoja hiyo idarani, mwenzangu mmoja alipendekeza njia ya mkato. Ati, kwa kuwa karatasi haipo, mwanafunzi apewe wastani wa wale wanne waliopo. Ukigawanya 239 kwa 4 unapata 59.75, tuseme 60. Pendekezo hilo lilisikika kuwa la huruma. Lakini katika vyuo vyetu vingi 70 ndio mwanzo wa gredi ya A, na 60 ni B. Njia mbili, zote zinatumia neno "wastani", na zinampa mtu mmoja hatima mbili tofauti. Makala haya yanafuatilia historia ya njia hizo mbili, maana wanadamu walichukua muda mrefu sana kutambua kuwa si kitu kimoja.

Fungu, kitu na herufi x

Hamu ya kutafuta kilichokosekana kutokana na jumla inayojulikana ni kongwe, na mojawapo ya maandishi ya kale zaidi kuihusu yaliandikwa barani humu. Karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, mwandishi wa Misri aitwaye Ahmes alinakili mafunjo yenye maswali ya hesabu zaidi ya themanini. Mafunjo hayo yalinunuliwa Luxor mwaka 1858 na Mskoti Alexander Henry Rhind, na sehemu yake kubwa sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London. Ndiyo sababu vitabu vingi huyaita mafunjo ya Rhind. Jina la mnunuzi limelifunika jina la mwandishi!

Swali la 40 katika mafunjo hayo linahusu mikate 100 inayogawiwa watu watano. Migao inapanda kwa tofauti iliyo sawa kutoka mtu hadi mtu, na sehemu moja ya saba ya migao mitatu mikubwa ni sawa na jumla ya ile miwili midogo. Kila mtu atapata kiasi gani? Hebu tuangalie swali hili kwa jicho la leo. Mikate 100 kwa watu watano ni wastani wa mikate 20. Na kwa kuwa migao inapanda kwa hatua zilizo sawa, mtu wa katikati lazima apate wastani wenyewe, yaani 20 kamili. Tukishampata huyo, wengine wanajitokeza wenyewe: mtu wa kwanza anapata mkate 1 na theluthi mbili, wa mwisho anapata 38 na theluthi moja. Ahmes hakupitia njia hii. Alianza kwa kukisia jibu lisilo sahihi, akaona limepungua kwa kiasi gani, kisha akalikuza hadi likatosha 100. Hata hivyo alikuwa ameshika jambo la msingi: jumla inayojulikana ni kamba, na vyote vilivyomo vimefungwa nayo.

Kinachonivutia mimi kama mtu wa lugha ni jina ambalo Wamisri walikipa kile kisichojulikana. Walikiita aha, neno lenye maana ya fungu au rundo. Mhindi Brahmagupta, aliyeandika mwaka 628, alitumia maneno yenye maana ya "kadiri ile ile". Na al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad wakati wa Khalifa al-Ma'mun katika miongo ya kwanza ya karne ya tisa, alikiita shay', yaani kitu. Waitalia walipotafsiri kutoka Kiarabu wakasema cosa, kitu vilevile. Ni mwaka 1637 ndipo Mfaransa Descartes alipochapisha kitabu kilichoieneza desturi ya kutumia herufi x, y na z kwa visivyojulikana. Kwa hivyo mwalimu wa shule ya msingi anayechora kisanduku kitupu ubaoni na kuuliza "hapa panakosa nini?" yumo katika ukoo mkubwa na wa heshima.

Kitabu cha al-Khwarizmi ndicho kilichotupa neno aljebra. Al-jabr ni kuunga au kurudisha kilichovunjika mahali pake, na wasomaji wataona kuwa mzizi wake ni ule ule wa neno letu jabari. Huko Uhispania neno algebrista lilikuwa pia jina la mganga wa kuunga mifupa. Cervantes analitumia kwa maana hiyo katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615. Mwenziwe al-jabr ni al-muqabala, yaani kukabilisha: kuondoa kiasi kilicho sawa pande zote mbili. Chukua swali la mwanafunzi wetu. Alama za wanne pamoja na "kitu" ni sawa na 310. Ondoa 239 upande huu, ondoa 239 upande ule. Kitu kimesimama peke yake: 71. Tunaambiwa mara nyingi kuwa elimu hii ni ya wapenda mafumbo, lakini sehemu kubwa ya kitabu cha al-Khwarizmi inahusu wasia na mirathi, nani apate nini baada ya mwenye mali kufa. Ilikuwa hesabu ya haki tangu mwanzo.

Wastani na safari ya neno

Sasa tuligeukie neno lenyewe. Wastani limetujia kutoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kati. Ndiyo maana mtu wa kimo cha wastani si mrefu wala si mfupi, na mwanafunzi wa wastani si hodari wala si mjinga. Katika mazungumzo ya kawaida neno hili linabeba maana mbili ambazo hisabati huzitenga. Moja ni kile kilicho katikati ya safu. Nyingine ni kile ambacho kila mmoja angepata lau vyote vingekusanywa na kugawiwa sawasawa. Hizi mbili hazilingani kila mara. Alama za darasa letu zikipangwa, yaani 48, 55, 66, 70 na 71, iliyo katikati ni 66, ilhali wastani wa kihisabati ni 62. Na tofauti hiyo ina uzito kwa mada yetu. Ukijua tu kuwa iliyo katikati ni 66, mwenye 71 angeweza kupata 67 au 99 na katikati pasingebadilika. Katikati haisemi mengi juu ya aliyekosekana. Wastani wa kugawa unamjua, kwa sababu ulimhesabu.

Waingereza wana neno average, na wataalamu wengi wa asili za maneno hulifuatilia hadi Kiarabu cha mabaharia, katika neno awar lenye maana ya kasoro au uharibifu wa bidhaa. Lilipita kwa Waitalia na Wafaransa katika biashara ya Bahari ya Kati. Dhoruba ikipiga na nahodha akaamuru shehena itupwe baharini ili chombo kiokoke, hasara ya aliyetupiwa mali haikuachwa imwangukie peke yake. Wenye mali zote zilizonusurika waliichangia kwa kadiri ya mali zao. Sheria ya aina hiyo imo katika mkusanyiko wa sheria za Kirumi wa Mfalme Justinian wa karne ya sita, ikihusishwa na watu wa kisiwa cha Rhodes. Kwa hivyo kabla hilo neno halijawa la hesabu za darasani, lilikuwa la kugawana msiba.

Kuugawa msiba ni jambo moja, na kuuamini wastani kuwa njia ya kuufikia ukweli ni jambo jingine. Hadi karne ya 18, wanaastronomia wengi walipochukua vipimo kadhaa vya nyota moja waliona heri kuchagua kile kimoja walichokiamini zaidi. Mwaka 1755 Mwingereza Thomas Simpson alimwandikia barua Rais wa Royal Society akitetea kuchukua wastani wa vipimo vingi. Alieleza kuwa walikuwako watu wenye sifa zao walioshikilia kuwa kipimo kimoja kilichochukuliwa kwa uangalifu kinatosha. Hoja ya Simpson ilikuwa kwamba makosa ya huku na ya kule hupunguzana. Ndipo wastani ukaanza kuheshimiwa kama kitu kinachoweza kutoa ushahidi.

Nani yuko huru?

Lakini ushahidi huo una bei yake, na bei hiyo ndiyo kiini cha makala haya. Turudi kwa wanafunzi wetu watano. Badala ya alama, tuangalie umbali wa kila mmoja kutoka wastani wa 62. Wa kwanza yuko chini kwa 7, wa pili juu kwa 8, wa tatu chini kwa 14, wa nne juu kwa 4. Jumlisha: wote wanne kwa pamoja wako chini kwa 9. Wastani haukubali deni. Walio juu na walio chini sharti walipane hadi sufuri. Basi wa tano lazima awe juu kwa 9, na 62 ukiongeza 9 ni 71. Jibu ni lile lile, ila sasa tumeona jambo jipya. Wanne wa kwanza walikuwa huru kupata alama yoyote. Wa tano hakuwa huru. Wastani ukishajulikana, watano wana uhuru wa wanne tu.

Waingereza huita hesabu hiyo kwa maneno ambayo tukiyafasiri kisisisi yatakuwa "digrii za uhuru". Mimi siipendi tafsiri hiyo. Digrii kwetu ni shahada ya chuo au kipimo cha joto na pembe, na hapa hakuna joto wala joho. Napendekeza "nafasi huru". Watu watano, wastani mmoja unaojulikana, nafasi huru nne. Msomaji anaelewa papo hapo.

Mjerumani Gauss alikuwa ameliona jambo hili mwaka 1823, alipoonyesha kuwa ukikadiria makosa ya vipimo, ugawanye kwa idadi ya vipimo ukiwa umetoa idadi ya visivyojulikana ulivyovikadiria kutokana na vipimo hivyo hivyo. Hata hivyo somo hilo halikuwafikia wote. Karne moja baadaye lilizua ugomvi mkali katika taaluma ya takwimu.

Mwaka 1899 kijana aitwaye William Sealy Gosset aliajiriwa na kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin. Kazi yake ilimkutanisha na shayiri na hopsi, na kila mara vipimo vilikuwa vichache: vinne, sita, kumi. Nadharia za wakati huo zilikuwa zimeundwa kwa ajili ya vipimo vingi. Gosset akaandika makala aliyoichapisha mwaka 1908 katika jarida la Biometrika, akitumia jina la bandia, "Student", maana mwajiri wake hakutaka majina ya wafanyakazi yajitokeze. Ili kuijaribu nadharia yake, alichukua vipimo vya wahalifu 3,000, vya kimo na vya kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye vipande 3,000 vya kadibodi, akavichanganya kama karata, kisha akavigawa vinne vinne. Akapata makundi 750. Hakukuwa na kompyuta, jamani. Ilikuwa kazi ya mikono na subira.

Mwaka 1912 mwanafunzi wa Cambridge aitwaye Ronald Fisher alimwandikia Gosset kumwonyesha kwamba, katika kupima mtawanyiko, mgawanyo ulipaswa kufanywa kwa idadi iliyopunguzwa moja, si kwa idadi nzima. Gosset akaipeleka hoja hiyo kwa Karl Pearson, jabari wa takwimu wa wakati huo jijini London. Pearson alijibu kwa mzaha kuwa ni watengeneza bia watukutu tu ndio wanaochukua vipimo vichache kiasi cha tofauti hiyo kuonekana. Kwa mwenye vipimo elfu moja, Pearson alikuwa sahihi: kugawa kwa 1,000 au kwa 999 ni mamoja. Lakini mwenye vipimo vinne akisahau kutoa moja, anajidanganya kwa robo nzima.

Mzaha ukageuka uhasama. Mwaka 1900 Pearson alikuwa ameunda jaribio la kupima kama tofauti kati ya makundi ni ya kweli au ya bahati tu. Tuchukue mfano wa kubuni. Watu 100, kati yao 60 wamechanjwa na 40 hawajachanjwa; 30 wameugua na 70 ni wazima. Jedwali hili lina vyumba vinne. Nikikuambia kuwa waliochanjwa na bado wakaugua ni 10, huhitaji kuambiwa lolote zaidi. Waliochanjwa na wakabaki wazima ni 50, wasiochanjwa wakaugua ni 20, wasiochanjwa wakabaki wazima ni 20. Chumba kimoja kikijulikana, vitatu vinajitaja. Kuna nafasi huru moja tu. Pearson alihesabu kana kwamba ni tatu.

Je, kosa hilo lilikuwa na madhara? Ndiyo. Ukihesabu nafasi huru tatu mahali palipo na moja, unadai ushahidi mkubwa kuliko inavyostahili kabla ya kukubali kuwa tofauti ni ya kweli. Kwa kiwango cha asilimia tano kinachotumiwa na wengi, nafasi huru moja hudai jaribio lifikie 3.84, tatu hudai 7.81. Chanjo inayosaidia ingeweza kutupwa kando kwa madai kuwa ni bahati. Na hili halikuwa jambo la nadharia tu. Mwaka 1915 Greenwood na Yule, walipochunguza takwimu za chanjo za homa ya matumbo na kipindupindu, walikuta njia mbili zilizopaswa kukubaliana zikitoa majibu tofauti. Fisher alilitegua fumbo hilo mwaka 1922. Pearson hakukubali, akamjibu kwa ukali. Mwaka 1926 Fisher alitumia majedwali ya vyumba vinne, zaidi ya 11,000, ambayo Egon Pearson, mwana wa Karl, alikuwa ameyachapisha kwa madhumuni mengine. Nafasi huru zikiwa tatu, wastani wa jaribio katika majedwali hayo ulipaswa kuwa karibu na 3. Zikiwa moja, karibu na 1. Ukatoka karibu sana na 1. Baba alishindwa kwa takwimu za mwanawe, na aliyempa Fisher ushindi huo alikuwa wastani.

Kitalu kilichopotea

Mpaka hapa tumezungumzia hali ambapo wastani au jumla inajulikana kwa hakika, naye aliyepotea alikuwa amehesabiwa ndani yake. Lakini je, ikiwa hakuhesabiwa kamwe? Ikiwa ng'ombe waliingia shambani wakala mahindi ya kitalu kimoja kabla ya mavuno kupimwa?

Swali hilo lilikuwa la kila siku katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kilichoanzishwa mwaka 1843. Fisher aliajiriwa huko mwaka 1919. Mwaka 1930 Allan na Wishart walichapisha njia ya kukadiria mavuno ya kitalu kilichopotea, na mwaka 1933 Frank Yates akaipanua kwa vitalu zaidi ya kimoja.

Tuseme tuna aina tatu za mbegu, zimepandwa katika sehemu tatu za shamba. Sehemu ya kwanza imetoa magunia 10, 12 na 17. Ya pili, yenye udongo dhaifu, 8, 10 na 15. Ya tatu, yenye rutuba, imetoa 12 na 14, na kitalu cha mbegu ya tatu kimeliwa. Mwenye haraka atajumlisha vitalu vinane vilivyopo, apate 98, agawe kwa 8, kisha ajaze pengo kwa 12.25. Lakini tazama! Mbegu ya tatu inaishinda mbegu ya pili kwa magunia matano kila mahali, na sehemu ya tatu ina rutuba kuliko zote. Kuijazia 12.25 ni kuitukana mbegu na udongo pamoja. Njia ya Rothamsted husikiliza mashahidi wote. Inachukua jumla ya mbegu hiyo kwingineko, 32, na kuizidisha kwa idadi ya mbegu, 3. Inachukua jumla ya sehemu hiyo ya shamba, 26, na kuizidisha kwa idadi ya sehemu, 3. Inajumlisha hizo mbili na kutoa jumla kuu ya 98. Zinabaki 76. Mwisho inagawanya kwa 4, yaani mbegu zilizopunguzwa moja mara sehemu zilizopunguzwa moja. Jibu ni 19.

Lakini funzo kubwa la Yates halimo katika 19. Limo katika yale yanayofuata. Ukishajaza pengo, ni lazima upunguze nafasi huru moja kwa kila kitalu ulichojaza. Kwa nini? Kwa sababu 19 hiyo haikutoka shambani. Ilitoka kwa majirani zake. Hairuhusiwi kusimama kizimbani kama shahidi mpya, maana inarudia tu maneno ya mashahidi waliokwisha kusema. Unaweza kuijaza ili hesabu ikamilike, lakini huwezi kudai umejua jambo ambalo hukuwa ukilijua.

Rudi idarani

Sasa tunaweza kumjibu yule mwenzangu aliyetaka kumpa mwanafunzi 60. Wastani wa wanne waliobaki haujui lolote kuhusu wa tano. Ni kivuli cha wengine kilichovishwa jina lake. Wastani wa 62 ni jambo jingine kabisa. Kama mhadhiri angekuwa hakusahihisha karatasi ya mwanafunzi huyu, wastani wake ungekuwa 59.75. Kuwa kwake 62 ni ushahidi kwamba karatasi ya tano ilikuwapo, ilisahihishwa na ilihesabiwa. Karatasi ilipotea, lakini iliacha unyayo katika wastani.

Unyayo nao una mipaka yake. Nilimuuliza mwanafunzi: 62 hiyo ni kamili, au imekadirishwa hadi namba nzima? Kama imekadirishwa, wastani wa kweli ungeweza kuanzia 61.5 hadi karibu 62.5. Kwa watu watano, jumla ingekuwa popote kati ya 308 na 312, na alama yake popote kati ya 69 na 73. Kumbuka, 69 ni B na 70 ni A! Na darasa lingekuwa la watu 40, kukadirisha huko kungeifanya jumla iyumbe kwa takriban alama 40, na njia yetu isingefaa kitu. Kadiri kundi linavyokuwa kubwa, ndivyo wastani unavyohitaji desimali zaidi ili umtambue mtu mmoja.

Jambo hilo lina upande wa pili, na viongozi wa taasisi wanafaa kuliwaza. Ukitangaza wastani wa mishahara ya watu watano, na wanne wakaambiana mishahara yao, umeutangaza mshahara wa tano bila idhini yake. Ndiyo maana idara za takwimu zikificha chumba kimoja katika jedwali lenye jumla, hulazimika kuficha na kingine. Siri moja haiwezi kujikalia peke yake karibu na jumla.

Mwanafunzi hakuwa na jibu kuhusu kukadirishwa. Tukatafuta, na katika faili ya idara tukapata muhtasari ulioandikwa kwa mkono wa mhadhiri mwenyewe: watahiniwa 5, jumla 310, wastani 62. Niliiwasilisha hesabu hiyo mbele ya kamati. Kamati haikukubali kuiandika 71 kama alama, na nakiri kuwa ilikuwa na haki: alama hutoka kwenye karatasi. Ila ilikubali kuwa hesabu hiyo ni ushahidi kwamba karatasi ilisahihishwa, na kwamba aliyeipoteza si mwanafunzi. Ikaamuru itafutwe kwa dhati, si kwa maneno ya "njoo kesho".

Karatasi ilipatikana wiki ya tatu, imechanganyika na za somo jingine. Ilikuwa na 71. Mwanafunzi alikosa mahafali ya mwaka huo, akahitimu katika yaliyofuata, na hakuna hesabu iliyomrudishia miezi hiyo.